Mshiriki Anakujua Wewe: Hotuba kwa Vijana Wanaoingia Kwenye Kazi za Utafiti wa Tiba

Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya vijana waliomaliza masomo ya uuguzi, maabara, famasia, takwimu na uhasibu, ambao wanaanza kazi za utafiti vyuoni na hospitalini. Wengi walioalikwa walikwama kazini au safarini, wakaomba yaandikwe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu mliotutangulia, shikamooni. Mama zangu wa kamati za jamii mliotoka Muheza na Korogwe alfajiri, asanteni sana kwa kufika. Na ninyi vijana, hamjambo?

Nianze kwa swali. Ukisikia chuo kikuu fulani kimefanya utafiti wa chanjo, unamwona nani akilini mwako? Unamwona profesa. Unamwona amevaa koti jeupe, anahojiwa redioni, anataja asilimia. Si vibaya, kazi ni yake na jina ni lake. Lakini sasa niambieni. Mama aliyemwandikisha mwanawe kwenye utafiti ule, mtoto akipata homa saa nane za usiku, anampigia nani simu? Anampigia profesa? Anampigia mfadhili aliyeko Ulaya? Anakupigia wewe. Namba aliyonayo ni yako. Sura anayoikumbuka ni yako. Jina analowatajia majirani, "yule dada wa utafiti," ni jina lako.

Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Chuo kina jina, mdhamini ana fedha, mtafiti mkuu ana elimu, lakini imani ya mshiriki iko kwako. Na imani hiyo ni nguvu kubwa kuliko mnavyodhani. Inaweza kuokoa watoto wasiohesabika. Inaweza pia kutumika kuwaumiza watu wale wale waliokupa.

Kazi zenyewe mnazijua. Kuna mratibu wa utafiti. Kuna muuguzi wa utafiti, mfanyakazi wa fildi anayezunguka vijijini, mtunza data, mfamasia, fundi maabara, afisa wa vibali anayeshughulika na kamati za maadili (zile zinazopima kama utafiti unalinda haki na usalama wa washiriki), mhasibu wa mradi, dereva. Ndiyo, dereva nimemhesabu, na kisa changu cha kwanza kina mtu aliyekuwa muuguzi, mratibu na dereva kwa wakati mmoja.

Kisa hiki si cha kwetu, ni cha Marekani. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya nchi ile ilianza utafiti katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, ikishirikiana na Tuskegee, chuo cha watu weusi kilichoheshimika sana. Waliingizwa wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana damu mbaya. Wakubwa wale walichotaka ni kutazama kaswende inavyomla mtu asiyetibiwa mpaka afe, kisha mwili upasuliwe waone ndani. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa tiba inayojulikana. Hawakupewa. Utafiti ukaendelea mpaka 1972. Miaka 40, ndugu zangu.

Sasa ninyi mnaosoma takwimu mnajua jinsi ilivyo vigumu kuwafuatilia watu hata kwa mwaka mmoja. Wanahama, wanachoka, wanakasirika, wanabadilisha namba. Hawa walibakije miaka 40? Nani aliwashika?

Aliyewashika ni muuguzi Eunice Rivers. Alikuwa mweusi kama wao, amesomea uuguzi palepale Tuskegee. Madaktari wa serikali walikuja wakaondoka, wakaja wengine, yeye alibaki. Aliwachukua kwa gari kwenda kupimwa na kuwarudisha makwao. Aliwajua wake zao, aliwajua watoto wao. Siku za vipimo walipata chakula cha moto. Familia ikikubali maiti ipasuliwe, ilipata fedha za mazishi, na aliyekwenda kukaa na wafiwa na kuwaomba idhini hiyo alikuwa yeye. Mwaka 1953 jina lake lilitangulia kwenye makala ya kitaalamu iliyoeleza namna wanaume wale walivyofuatiliwa kwa miaka 20. Mwaka 1958 serikali ikampa tuzo.

Mnaliona jambo lenyewe? Ukiisoma orodha ya sifa za mratibu bora, huyu mama anazo zote. Ana subira. Anaijua jamii. Anafika kwa wakati. Hampotezi mshiriki. Washiriki wanampenda. Na kwa sababu ya sifa hizo hizo, wanaume wale walibaki ndani ya utafiti uliokuwa unawaua.

Wapo wanaomtetea, na sitawaficha hoja yao. Wanasema mwanamke mweusi, muuguzi, katika Alabama ya miaka ya 1930, hakuwa na ubavu wa kumpinga daktari mzungu wa serikali. Wanasema yeye mwenyewe aliamini kwamba aspirini na vipimo vile vilikuwa bora kuliko kukosa kila kitu, maana wanaume wale hawakuwa na daktari mwingine. Yote hayo huenda ni kweli. Sikuja kumhukumu marehemu. Nimekuja kuwaambia ninyi mlio hai kwamba hatari ya kazi hii haimwandami mtu mbaya peke yake. Mtu mwema, mpole, anayependwa na kijiji kizima, anaweza kulibeba jambo ovu mgongoni miaka 40, kwa sababu hakuna siku aliyosimama akauliza: ninaowahudumia hawa, wanapata nini na wananyimwa nini?

Na aliyeuliza alikuwa nani? Hakuwa profesa. Aliitwa Peter Buxtun. Idara ile ile ilimwajiri San Francisco katikati ya miaka ya 1960, kazi yake ikiwa kuwahoji wagonjwa wa magonjwa ya zinaa na kuwatafuta watu waliokutana nao. Kwa lugha yetu, alikuwa mtu wa fildi. Alisikia habari za Tuskegee kwenye mazungumzo ya kazini, akatafuta nyaraka, akasoma, akawaandikia wakubwa mwaka 1966. Wakampuuza. Akaandika tena mwaka 1968. Wakakaa kikao, wakaamua utafiti uendelee. Mwaka 1972 habari ikafika kwa waandishi, ikachapishwa mwezi Julai, na kabla mwaka haujaisha utafiti ukafungwa. Miaka miwili baadaye Marekani ikatunga sheria iliyozipa nguvu kamati za maadili.

Mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa. Mtu wa fildi! Kwa hiyo asije mtu akakwambia, "Wewe jaza fomu tu, mengine waachie wakubwa." Mengine hayo ni yako pia.

Tuje nyumbani. Hapa Tanzania utafiti wa tiba hauanzi hivi hivi. Kuna kamati ya maadili ya kitaifa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Dawa au chanjo ya majaribio lazima ipite TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Mtayasoma hayo kazini, yana kurasa nyingi, na afisa wa vibali akiwasumbua mjue anafanya kazi yake.

Lakini siku ya ridhaa, siku mshiriki anapoulizwa kama anakubali, kamati haipo chumbani. Chumbani mpo wewe na mama mwenye mtoto, basi.

Mwenzangu mmoja alinisimulia habari ya bibi aliyekuja zahanati na mjukuu wake mgongoni. Mama wa mtoto alikuwa amefariki, bibi ndiye mlezi, na hajui kusoma. Kanuni mnazijua: asiyesoma husomewa fomu mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, kisha anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Mwenzangu alisoma kila kitu polepole. Alipomaliza, hakuisukuma karatasi mbele. Alimwambia, "Sasa bibi, nieleze wewe. Umesikia nini?"

Bibi akasema, "Nimesikia mjukuu wangu atapewa dawa mpya ya kumkinga na malaria, na mtakuwa mnamtibu."

Wangapi kati yenu wangesaini hapo? Semeni ukweli. Mtoto anafaa, bibi amekubali, shahidi yuko tayari, na kwenye kikao cha Ijumaa utaulizwa umeandikisha wangapi. Mwenzangu alianza upya. Akamweleza kwamba baadhi ya watoto watapata chanjo inayojaribiwa na wengine watapata chanjo nyingine kabisa, kwamba atakayepata ipi hachaguliwi na daktari bali na bahati nasibu, na kwamba hata hiyo mpya haijulikani kama inafaa, ndiyo maana inajaribiwa. Bibi akanyamaza, kisha akauliza la moyoni: "Na damu yake mnaipeleka wapi?"

Wenyeji wa pwani mnajua swali hilo limetoka mbali. Habari za mumiani tumezisikia tangu utotoni, watu wanaochukua damu za watu usiku. Mgeni akisikia hucheka. Usicheke kamwe. Mtu anayeogopa kwamba damu yake itachukuliwa na wenye nguvu ikawafaidi wenye nguvu, hajakosa akili. Amesema kwa maneno ya wazee wake jambo ambalo Tuskegee lilitokea kweli. Mwenzangu hakucheka. Alimwonyesha bibi kichupa chenyewe, akamwonyesha kwa kijiko cha chai ni damu kiasi gani, akamtajia maabara itakakopimwa, akamwambia itatunzwa muda gani na nani anaruhusiwa kuigusa.

Bibi akasema anakwenda kuzungumza na kaka yake. Baada ya siku chache alirudi, akasema hapana.

Mwenzangu aliandika kwenye daftari la waliochujwa: amekataa. Hakumfuata nyumbani. Hakumtumia mwenyekiti wa kitongoji. Mtoto yule alipougua baadaye aliletwa pale pale zahanati, akatibiwa kama watoto wengine wote. Mimi nasema ile hapana ni moja ya kazi bora nilizowahi kusimuliwa katika fani hii. Ridhaa ambayo haiwezi kuwa hapana si ridhaa. Msimamizi wako akikukasirikia kwa sababu ya hapana ya halali, mweleze kwa heshima, na usiirudishe.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye karatasi, maana najua ndizo zinazowachosha. Nani humu ndani amewahi kulalamika kwamba fomu ni nyingi? Naona mikono. Hata nyuma kule kwa mama zangu, naona.

Kisa hiki ni cha hapa hapa mkoani kwetu. Kati ya mwaka 2009 na 2011 hospitali sita za Afrika Mashariki zilifanya utafiti ulioitwa FEAST: Teule ya Muheza, Kilifi kule Kenya, na nne za Uganda, yaani Mulago, Soroti, Mbale na Lacor. Uliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto. Swali lilikuwa hili: mtoto anapoletwa na homa kali, amelegea, mikono na miguu imekuwa ya baridi, damu haizunguki vizuri, je, tumpe dripu nyingi kwa haraka? Dunia nzima ilikuwa imejibu: ndiyo. Ilifundishwa vyuoni, iliandikwa kwenye miongozo. Wapo waliouliza kama ni haki hata kujaribu jambo ambalo lilionekana wazi namna hiyo.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza likapata dripu ya haraka yenye albumini, yaani protini ya damu, la pili dripu ya haraka ya maji ya chumvi, la tatu halikupata dripu ya haraka, likapata tu maji ya kawaida ya kumtunza mtoto pamoja na matibabu mengine yote. Ilikusudiwa wafike watoto 3,600. Hawakufika, kwa sababu kamati huru iliyokuwa ikitazama data iliona jambo, ikashauri uandikishaji usimame.

Iliona nini? Ndani ya saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa dripu ya haraka, walikufa 10.6 na 10.5 kwa kila watoto 100. Katika kundi lisilopewa, walikufa 7.3. Ile dripu iliyokuwa ikiokoa kwenye vitabu, kwenye wodi zetu ilikuwa inaua. Watoto watatu zaidi kwa kila mia.

Tulieni na hesabu hiyo. Tofauti ya watatu kwa mia haionekani kwa macho ya muuguzi wa zamu. Hakuna mtu mmoja, hata awe hodari vipi, angeweza kusimama wodini akasema, "Nahisi hii dripu ina neno." Watoto wagonjwa mahututi hufa, tumezoea, tunasema Mungu amempenda zaidi. Kilichoiona tofauti ile ni karatasi. Saa ya kuingia ikiandikwa. Saa ya dripu kuanza ikiandikwa. Mapigo, pumzi, joto, vikiandikwa tena na tena usiku kucha. Nani aliandika? Nani aliamka saa kumi alfajiri kupima? Nani alimfuatilia mtoto baada ya kuruhusiwa, akaenda mpaka nyumbani kuona kama yu hai? Ni ninyi. Ni watu wa kazi hii mnayoingia. Kama wangeandika kwa kukisia, watatu wale kwa mia wangezama kwenye makosa, na sisi sote tungeendelea kutundika dripu kwa moyo mweupe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na uhai pia.

Ndiyo maana huwa nakasirika, na leo nitakasirika hadharani, nikiona daftari la joto la friji limejazwa siku moja kwa wiki nzima. Mnalijua lile daftari. Chanjo nyingi za utafiti zinataka nyuzi 2 mpaka 8, asubuhi na jioni unasoma, unaandika, unasaini. Kuna kituo, sitakitaja, Jumamosi na Jumapili ziliandikwa nyuzi 4 safi kabisa, kalamu moja, mwandiko mmoja, bila hata kutetereka. Kifaa cha kurekodi kilichokuwa ndani ya friji kikasema umeme ulikatika usiku wa Jumamosi na joto likapanda kupita 10. Kijana aliyejaza hakuwa mwizi. Alikuwa amekwenda msibani, akaona aibu kuacha nafasi wazi.

Wanangu, acheni nafasi wazi. Andikeni: sikusoma, nilikuwa msibani, jina langu, tarehe ya leo. Nafasi wazi inaelezeka, mkaguzi ataiuliza na itajibiwa. Namba ya kubuni haielezeki, na ikigundulika moja, zote ulizowahi kuandika zinatiliwa shaka, hata zile ulizoamka alfajiri kuzichukua. Ukikosea, piga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, andika la sahihi, weka saini ndogo na tarehe. Msifute, msitumie wino mweupe, msinakili upya ukurasa ili uwe msafi. Ukurasa msafi mno humtia mkaguzi wasiwasi.

Sasa nigeukie wahasibu na watu wa manunuzi, maana wengi hudhani hotuba hizi hazihusu ofisi yao.

Mama ametoka kijijini kwa bodaboda na daladala, mtoto ana miezi tisa, ni hudhurio la tano. Aliahidiwa nauli, imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa, kamati ya maadili iliipitisha. Anafika, anaambiwa nauli haipo leo, masurufu ya mwezi uliopita hayajarejeshwa, risiti mbili hazina mhuri. Anakopa nauli kwa muuza maandazi nje ya geti. Hudhurio la sita haji. Kwenye kompyuta ya mtunza data anaandikwa: amepotea. Hakupotea! Nyumba yake iko pale pale. Tuliompoteza ni sisi, na tulimpotezea ofisini, kwenye faili la risiti.

Utafiti wa RTS,S, chanjo ya malaria, ulifanyika kwenye vituo 11 katika nchi saba za Afrika, Korogwe na Bagamoyo vikiwemo, kwa watoto 15,459. Walichanjwa kuanzia mwaka 2009, wakafuatiliwa kwa miaka, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike kwa watoto wanaoishi penye malaria. Mimi nikisoma namba ile 15,459 naona nauli. Naona mafuta ya gari, naona barafu, naona mtu wa ofisi aliyelipa ankara ya umeme kabla haujakatwa. Na mjue pia kwamba ofisi zenu zinabeba mzigo kwa mkono mmoja. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, mfadhili wa serikali mkubwa kuliko wote wa tafiti za afya, kwa miaka mingi iliziwekea taasisi za nje ya Marekani kikomo cha 8 kwa 100 kwa gharama za uendeshaji. Humo ndimo mtoe wahasibu, walinzi, intaneti na jenereta. Wakuu wa vyuo mlioko hapa, msishangae ofisi ya ruzuku ina watu wawili na mafaili mia. Waongezeni watu.

Nakuja kwenye jambo gumu, nalo ni siku utafiti unapokwisha.

Pale juu Amani, kwenye milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Baada ya vita vya pili kikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki yote. Kutoka hapo, kati ya miaka ya 1955 na 1959, wataalamu walipulizia dawa ya dieldrin ndani ya nyumba za Upare na Taveta, ng'ambo na ng'ambo ya mpaka. Mbu wakapungua sana, malaria ikapungua, watoto wakanusurika. Kisha mpango ukafika mwisho wake na upuliziaji ukasimama. Mbu wakarudi taratibu, na malaria nyuma yao. Watafiti walikuwa wamepata walichotaka kujua. Na mkulima wa Upare aliyefungua nyumba yake kila duru akatoa vyombo nje, yeye alibaki na nini?

Msidhani ni ya zamani. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye barua zikafika: acheni kazi. Tafiti zilizokuwa zikilipwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, katika nchi mbalimbali, zetu za Afrika zikiwemo, zikaamriwa kusimama, na nyingine washiriki walikuwa katikati ya dozi. Nawajua waratibu walioambiwa wasifanye lolote, na simu zao zikaendelea kulia. Mshiriki hajui amri ya Washington. Anajua kwamba kesho ni siku yake ya kliniki.

Mngefanya nini? Waratibu niliowajua walipokea simu. Bila mshahara walipokea. Waliwaeleza washiriki kilichotokea bila kupamba, wakawaelekeza hospitali ya wilaya, wakawaandikia barua za rufaa zenye jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho. Nawaheshimu sana watu wale. Lakini sitaki heshima yangu iishie kwenye kuwasifu kwa kujitolea, maana haikuwa haki kuwaachia wao. Nasema kwa watafiti wakuu mlioko mstari wa mbele: andikeni kwenye protokali, yaani andiko la mpango wa utafiti, tangu mwanzo, utafiti ukikatika ghafla nani atamwona mshiriki, kwa fedha ipi, kwa muda gani. Kamati za maadili, ulizeni swali hilo kabla ya kupitisha. Na matokeo yakitoka, yarudi kijijini kabla hayajakwenda kwenye mkutano wa kimataifa. Mama wa Muheza asisikie habari za damu ya mwanawe redioni.

Nimebakisha habari ya ajira yenu, na hapa sitawadanganya. Kazi hizi ni za mikataba. Mwaka mmoja, miwili, unaisha na mradi, unasubiri mradi mwingine. Nimeona wauguzi hodari wakiondoka kwenye utafiti kwa sababu benki haiwakopeshi na ada za watoto hazisubiri ruzuku. Vyuo vinapoteza ujuzi kila mradi unapofungwa, kisha vinaanza kufundisha watu wapya kutoka mwanzo. Naliona hili ni kosa la vyuo, na nalisema mbele yao: mratibu aliyemaliza tafiti tatu ni mali ya chuo kama ilivyo maabara. Mpeni ngazi, mpeni cheo, mpeni ajira isiyokufa na mradi.

Kabla hilo halijatimia, jilindeni. Mkiitwa kwenye usaili na wakawauliza kama mna swali, msiseme hamna. Ulizeni mkataba ni wa muda gani na notisi ni siku ngapi. Ulizeni kama mtapewa mafunzo ya kanuni za utendaji bora wa majaribio ya tiba kabla ya kumgusa mshiriki wa kwanza, si baada. Ulizeni kama bima ya washiriki imekatwa, na usafiri wa usiku kwenda kwa mshiriki aliyezidiwa unalipwa na nani. Ulizeni nani anashika nafasi yenu mkiugua, au mkiwa msibani. Ulizeni kama waliokusanya data hutajwa kwenye makala ikichapishwa. Na ulizeni hili, kwa sauti ile ile ya upole: nikiona jambo linalomdhuru mshiriki, namwandikia nani zaidi ya mtafiti mkuu? Wakikujibu haraka, wakakutajia ofisi na mtu, saini mkataba. Wakitazamana, fikiria tena.

Mwenyekiti, mimi nimemaliza. Kuna mama wa kamati ya jamii kutoka Muheza, ameniandikia kikaratasi kwamba ana maswali mawili kwa watafiti wakuu, na angependa yajibiwe hapa hapa mbele ya watu. Naomba apewe kipaza sauti kwanza.